Kufika Chamonix na kula huko bila kumaliza pesa: hatua kwa hatua

Kila ikifika Novemba simu yangu haipumziki. Binamu yuko Ujerumani, rafiki yuko Uingereza, dada mmoja wa Nairobi kapata viza, na wote swali ni lile lile: nataka kwenda kuona theluji kule Alps, nafikaje, na ntakula nini manake nasikia chipsi peke yake inauzwa bei ya kuku mzima. Nimejibu kwa voisi mpaka koo limekauka, kwa hiyo leo naandika yote hapa, ukiulizwa na wewe mtumie mwenzio.

Nimechagua Chamonix, Ufaransa, kwa sababu ndiko ninakokujua. Nimefanya kazi jikoni pale misimu miwili ya baridi, nimemenya viazi magunia na magunia, na nimewaona wageni wanaohesabu sarafu siku ya tatu wakati wiki bado mbichi. Karibu wote pesa yao iliishia sehemu mbili tu, gari la kutoka eapoti na chakula cha mchana juu mlimani. Tiketi ya lifti, zile mashine za kamba zinazokupandisha mlimani kwenda ski, bei yake imeshapangwa, huna la kufanya. Hizo mbili ziko mikononi mwako.

Kidogo kuhusu mahali penyewe ili usipotee: Chamonix ni mji mdogo chini ya mlima Mont Blanc, mita 1,035 juu ya usawa wa bahari, yaani chini kuliko Nairobi. Ndipo zilipofanyika Olimpiki za kwanza za majira ya baridi, mwaka 1924. Ila sehemu za ski haziko kwenye mlima mmoja, zimetawanyika kwenye bonde refu, Les Houches upande wa chini, Brévent na Flégère juu ya mji, Grands Montets kule Argentière, na Balme mwisho kabisa karibu na Uswisi. Kila siku utapanda basi au treni kwenda mojawapo. Hili litatusaidia huko mbele.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

Viza ya Schengen (viza moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, Ufaransa na Uswisi zikiwemo) kama huna kibali cha kuishi kwenye nchi za Schengen. Wewe unayeishi Uingereza kwa paspoti ya Kenya au Tanzania nawe unaihitaji, kibali cha Uingereza hakikutoshi. Omba kwa Wafaransa kwa sababu utalala Ufaransa, hata kama ndege inatua Geneva ambayo ni Uswisi. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari lazima ifikie angalau yuro 30,000. Soma hiyo bima vizuri, nyingi za bei rahisi hazigusi ski kabisa.

Kadi ya benki inayofanya kazi nje, pamoja na yuro kidogo taslimu.

Chupa ya chai ya chuma, ile ya kutunza moto. Usiache nyumbani, narudia, usiache. Pamoja nayo kontena moja lenye mfuniko unaobana na begi la mgongoni la kawaida.

Viungo vyako kidogo kwenye vifuko: pilau masala, binzari, pilipili. Hivi vinapita. Nyama na vitu vya maziwa kutoka Afrika haviruhusiwi kuingia, hata kama mama kakukaushia nyama vizuri namna gani, watakunyang'anya na wanaweza kukupiga faini.

HATUA

1. Chagua wiki kabla ya kuchagua kitu kingine chochote.

Krismasi na mwaka mpya, pamoja na Februari yote mpaka mwanzo wa Machi, shule za Ufaransa na Uingereza zinafunga kwa zamu na bei ya kila kitu inaruka, chumba, basi, mpaka kiti cha mgahawa unakigombania. Wiki rahisi ni za Januari baada ya tarehe 6 hivi, na nusu ya pili ya Machi. Mimi ningekupeleka Machi, siku ni ndefu, baridi imepungua makali, na mtu ambaye hajawahi kuguswa na baridi ya chini ya sifuri hateseki sana.

Alafu epuka Jumamosi. Nyumba nyingi hukodishwa Jumamosi mpaka Jumamosi, kwa hiyo siku hiyo barabara nzima ya kupanda bondeni inajaa magari, safari ya saa moja na nusu inaweza kwenda saa tatu. Ukipata malazi yanayokuruhusu kuingia Jumapili au Jumatatu umeshinda nusu ya vita.

2. Chukua malazi yenye jiko, na yawe ndani ya bonde.

Hoteli yenye kifungua kinywa inavutia, najua, lakini itakulazimisha kununua mchana na usiku. Tafuta studio. Utakuta chumba kimoja, kitanda cha kukunja, na pembeni jiko la umeme la pleti mbili na kafriji. Hiyo inatosha kabisa kulisha watu wanne. Mkiwa wanne gharama ya chumba inagawanyika na kila mmoja analipa kidogo.

Sasa angalia ramani. Iwe kati ya vijiji vya Servoz na Vallorcine. Si lazima katikati ya Chamonix, Les Houches na Argentière mara nyingi ni nafuu zaidi. Lakini ukishuka mpaka Saint-Gervais au Sallanches kwa sababu umeona bei ndogo, umetoka nje ya eneo la kadi ya mgeni ambayo naieleza hatua ya 5, na kile ulichookoa kitarudi kwenye nauli.

3. Kata tiketi ya basi mapema.

Ndege itue Geneva. Kutoka nyumbani kuna Ethiopian kupitia Addis, kuna na yale mashirika ya Ghuba. Kutoka eapoti ya Geneva mpaka Chamonix ni kama kilomita 90, na yapo mabasi ya moja kwa moja kila siku, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Ukikata wiki kadhaa kabla unaweza kupata kwa yuro 20 hivi, ukisubiri siku yenyewe inapanda au limejaa. Kuna pia vile vibasi vidogo vya kushea vinavyokupeleka mpaka mlangoni, ghali kidogo, lakini ukiwa na watoto na mabegi vinafaa.

Teksi usithubutu. Inaweza kufika mara kumi ya nauli ya basi. Nimemuona baba mmoja anashuka na familia yake hajui kama basi lipo, nauli ile ingewalisha wiki nzima.

Njia ya treni ipo pia: eapoti mpaka Geneva Cornavin ni dakika saba, pale unachukua Léman Express mpaka Saint-Gervais-les-Bains-Le Fayet (treni nyingine unabadilisha Annemasse), kisha unahamia kale katreni kekundu kanaitwa Mont-Blanc Express, dakika 45 hivi unaingia Chamonix. Inachelewa kuliko basi ila madirishani ni uzuri mtupu, na foleni ya Jumamosi haikuhusu. Ukitua Paris, treni ni ya Gare de Lyon, na kawaida unabadilisha njiani kabla ya kufika hapo hapo Saint-Gervais.

Gari la kukodi naligusa tu. Kuanzia tarehe 1 Novemba mpaka 31 Machi sheria ya Ufaransa inataka matairi ya baridi au minyororo kwenye maeneo ya milima, na barabara kuu za Uswisi zina stika ya faranga 40. Ongeza paking. Kwa mtu ambaye hajawahi kuendesha kwenye barafu, mimi nasema hapana.

Kingine, saa za tiketi zinasomwa kizungu. 19:30 ni saa moja na nusu usiku, usije ukachanganya.

4. Ukitua, usinunue kitu Geneva.

Kule ni Uswisi, pesa ni faranga, na sandwichi moja ya eapoti inaweza kuwa bei ya sahani ya moto Ufaransa. Kula kwenye ndege, weka biskuti na tende begini, ngoja uvuke. Laini ya simu nayo iangalie: Uswisi haiko kwenye Umoja wa Ulaya, kwa hiyo laini yako ya Ufaransa au Ujerumani inaweza kukukata pesa nyingi za data pale pale eapoti. Zima data, tumia waifai ya eapoti, washa ukishavuka. Na paspoti iwe mfukoni isiwe kwenye begi lililoingia chini ya basi, manake mpakani mara nyingi mnapita tu lakini siku nyingine wanapanda kukagua.

5. Dai kadi ya mgeni siku ya kwanza.

Hii ndiyo siri ambayo wageni wengi wanaikosa. Inaitwa carte d'hôte. Ukilala bondeni unalipa kodi ndogo ya kila usiku, na kwa kodi hiyo una haki ya kadi inayokupandisha bure mabasi ya mchana ya bonde na treni kati ya Servoz na Vallorcine siku zote za kukaa kwako. Anayetoa ni mwenye nyumba au hoteli. Wengine wanasahau, wengine wanangoja uulize. Basi uliza, tena kabla hujafika, kwa ujumbe: ninaomba carte d'hôte kwa watu wote wanne. Kila mtu awe na yake.

6. Manunuzi ya kwanza yafanye kabla hujafungua begi.

Supamaketi nyingi zinafunga saa moja au saa mbili usiku, na Jumapili nyingi zinafunga mchana. Katikati ya Chamonix kuna Super U mtaa wa Joseph Vallot. Maduka madogo yaliyoko chini ya lifti ni ya dharura tu, kitu kile kile bei nyingine. Kama mmekuja na treni na mko wengi, maduka makubwa ya Sallanches chini bondeni ni nafuu zaidi. Jumamosi asubuhi kuna soko uwanja wa Place du Mont-Blanc, zuri sana, jibini na soseji za wakulima wenyewe, ila pale nenda kuonja na kununua kipande kimoja, si kujaza friji.

Orodha yangu ya watu wanne kwa kuanzia: mchele, tambi, dengu, mayai 20, vitunguu, nyanya za kopo, viazi, karoti, dagaa wa kopo, mafuta kachupa kadogo, unga wa ngano, sukari, majani ya chai, maziwa, ndizi, chokoleti. Mkate wa baguette nunua kila asubuhi kwenye duka la mikate, ni yuro moja na senti.

Ugali je? Upo. Watu wa Savoie, yaani eneo hili la milima, wenyewe wanakula polenta toka zamani kwa hiyo unga wa mahindi hauukosi dukani. Chukua ulioandikwa semoule de maïs fine, yaani uliosagwa laini. Ni wa njano, na ule wa haraka umeshapikwa nusu, kwa hiyo maji punguza, chemsha, mimina kidogo kidogo huku unasonga, usiumwage wote kwa mpigo kama sembe utaota madonge. Mwiko hamna, tumia kijiko cha mbao. Ukikaa dakika chache kwenye moto mdogo unashika vizuri unakatika kabisa.

7. Pika usiku, beba mchana.

Hapa ndipo pesa inapobaki, naomba unisikilize. Usiku mnapika chungu kikubwa, kinachobaki ndio cha kesho. Asubuhi mnakunywa chai na mayai ya kutosha, mtu akishiba asubuhi hatamani chipsi saa tano.

Cha kubeba kiwe kitu kinacholiwa kwa mkono mmoja umevaa glavu. Kwa uzoefu wangu chapati ndiyo mfalme. Siku ya kwanza niliyopanda nilikunja chapati na mayai nikaziweka mfuko wa nje wa begi, saa sita natoa zimekakamaa kama kigae, yai limeganda katikati linalia kwenye meno. Toka siku hiyo nazifunga kwenye foili, juu yake kitambaa, nazilaza ndani ya koti upande wa tumboni. Unazitoa bado zina uvuguvugu. Maji nayo yakae ndani ya begi, chupa imegeuzwa kichwa chini, kwa sababu barafu inaanzia juu na ukiigeuza kifuniko hakigandi. Chupa ya chai jaza supu ya dengu nyembamba yenye tangawizi siku moja, chai ya maziwa siku nyingine. Tende na chokoleti mfukoni.

8. Kulia mlimani bila kununua.

Usikae kwenye meza za mgahawa na chakula chako, watakuinua, na wana haki. Uliza dirisha la tiketi maneno haya: salle hors-sac? Ni chumba chenye meza na mabenchi kilichowekwa kwa ajili ya watu waliobeba chakula chao, bure. Si kila kituo kinacho, ndio maana unauliza chini kabla ya kupanda. Kikiwa hakipo na jua linawaka, kaa kwenye kiti cha nje kisichokuwa cha mgahawa, kalia begi usikalie theluji. Nenda saa tano na nusu au saa nane, katikati hapo pamejaa.

Mkilazimika kununua, nunueni kinywaji cha moto kimoja kimoja mkae ndani mpate joto. Sahani ya moto juu kule mara nyingi inapita yuro 20, na chini mjini chakula hicho hicho ni rahisi zaidi.

9. Siku moja mle mgahawani, ila kwa akili.

Nisingependa mtu aende Savoie arudi hajaonja chakula chao. Nenda mchana, si usiku. Kati ya saa sita na saa nane migahawa mingi ya mjini ina plat du jour, chakula cha siku, imeandikwa kwenye ubao nje, nafuu kuliko kitu chochote cha kwenye menyu. Ikipita saa nane jiko linafungwa, nimesimama upande wa pili wa hilo jiko, hatukufungui hata ukiomba. Sema une carafe d'eau, utaletewa jagi la maji ya bomba bure, na ni maji mazuri. Ukisema maji tu utaletewa chupa ya kulipia. Mkate hulipii. Huduma imeshaingizwa kwenye bei kwa hiyo bakshishi si lazima.

Kwa Waislamu na wasiokula nguruwe, hapa soma polepole. Tartiflette ni viazi, vitunguu na jibini la reblochon, lakini ndani kuna lardons, vipande vya nguruwe, na mara nyingi imeshapangwa kwenye bakuli toka asubuhi hivyo hawawezi kuvitoa. Uliza sans lardons kabla hujaagiza. Fondue haina nyama lakini jibini linayeyushwa kwa mvinyo mweupe. Diots ni soseji za nguruwe. Sandwichi ya kawaida ya dukani inayoitwa jambon-beurre ni nguruwe. Raclette ndiyo salama kidogo, ni jibini la kuyeyusha juu ya viazi, sinia la nyama linakuja pembeni, waambie wasilete. Kule jikoni maswali haya hayakutuudhi hata siku moja, kwa hiyo uliza bila aibu.

10. Kurudi.

Kata basi linalofika Geneva saa tatu au nne kabla ya ndege. Theluji ikishuka usiku barabara inakwenda taratibu. Chapati za mwisho zipikwe usiku wa kuondoka, mzile eapoti.

IKIKWAMA

Basi limefutwa au limekuacha. Usikimbilie teksi. Nenda stesheni, panda treni ya njia ya Saint-Gervais niliyoieleza. Kama treni ya bondeni haitembei kwa sababu ya theluji, mara nyingi wanaweka basi badala yake, linaondokea nje ya stesheni hapo hapo.

Umefika usiku supamaketi zimefungwa. Duka la kebabu au piza ya kubeba, mgawane, asubuhi duka la mikate linafungua mapema.

Mwenye nyumba anakataa kadi ya mgeni. Nenda ofisi ya utalii na risiti yako inayoonyesha kodi ya usiku, waulize pale.

Kadi ya benki imekataa. Hakikisha hujaifungia matumizi ya nje kwenye apu. Ndio maana nilisema yuro taslimu, hata hamsini.

Bima haigusi ski. Ukinunua tiketi ya lifti omba waongeze Carré Neige, ni yuro chache kwa siku, inalipia kuokolewa mlimani. Kuokolewa kwenye njia za ski Ufaransa ni kwa kulipia, usidhani ni bure. Namba ya dharura ni 112.

Kichwa kinauma na huna hamu ya kula. Kama umepanda kilele cha Aiguille du Midi, lile gari la kamba linakutoa mjini mpaka mita 3,777 kwa dakika 20 hivi, juu zaidi ya kambi ya Horombo kule Kilimanjaro ambako watu wanafika siku ya pili kwa miguu. Kunywa chai, tembea taratibu. Kisipotulia shuka na gari linalofuata, na hicho chakula ulichobeba kitakungoja chini.